Timu ya Mchangani

Wako wasemao kuwa timu za mchangani hapa Bariadi hufa kwa umaskini. Mimi nakataa. Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma katika Usukuma tangu enzi za mababu. Kila mwaka baada ya mavuno hukutana uwanjani, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Gharama za njuga, ngoma na dawa walizibeba wenyewe. Hawakungoja mfadhili.

Na umaskini huo, mbona hautuzuii kununua jezi za Yanga na Simba? Klabu hizo zilizaliwa Dar es Salaam, moja mwaka 1935, nyingine 1936. Sizichukii, nami nina yangu katika hizo. Lakini kijana wetu akivunjika mguu akiichezea timu ya kijiji, hatumchangii hata nauli ya kwenda hospitali. Mgombea akileta kombe la mbuzi, timu hufufuka kwa majuma mawili. Uchaguzi ukipita, mpira hupasuka, na wa kuuziba hayupo.

Basi msimu huu, tukishauza pamba, kila kaya na iitolee timu yake bei ya kilo moja. Kilo moja tu.