JAZZ YA TANGA BILA SPIKA

Leo nawageukia nyie mliojaa vijiweni Korogwe na Handeni, mnaodai muziki hauwezekani bila mashine. Acheni hizo!

Tanga palikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bwana. Hilo jina lisikubabaishe, si jazz ya Marekani. Hili lilikuwa dansi la magita: solo linauliza, rizim linajibu, besi linawatuliza wote, saksafoni inapita juu kama bi harusi. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipikwa humo Jamhuri, wakahamia Arusha, kisha Kenya mwaka 1971, ikazaliwa Simba Wanyika. George alifariki 1992, Wilson 1995. Wazee wanakwisha, na mapigo yao mengi yako vidoleni, si kwenye karatasi.

Mimi nasema hivi: wanakwaya wenu si wanasoma do-re-mi? Basi waandike! Solo mpe mpiga fidla, rizim mpe mwenzake, besi mpe selo. Hamna fidla? Filimbi na magita makavu yanatosha. Watu wanne, chumba kimoja, hakuna jenereta wala mwimbaji. Hata Haydn kule Austria alitungia watu wanne hivyo hivyo.

Ila msinakili tu. Chukueni yale maswali na majibu, mtunge ya kwenu, yenye Uzigua na Usambaa ndani. Mkisubiri mfadhili, mtazika wazee pamoja na mapigo yao.

Tukutane wiki ijayo. Alamsiki!