Damu ya Aliyepona na Pumzi ya Mgonjwa

Katika vijiji vya bonde la Ruvu, Kibaha hadi Kisarawe, hakuna ndugu apendaye kukaa kando ya mgonjwa mikono mitupu. Mgonjwa anapohema kwa shida kwa sababu ya virusi vilivyoshambulia mapafu, jamaa aliyekwisha kuugua maradhi hayo akapona aweza kuuliza: je, damu yake haiwezi kumwokoa mwenziwe? Swali hilo lina mantiki, na mhudumu wa afya hapaswi kulipuuza.

Aliyepona hubeba kingamwili katika utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Mwaka 1995, mjini Kikwit nchini Kongo, wagonjwa 8 wa Ebola walitiwa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Matumaini yakawa makubwa, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganishia.

Uviko-19 ndio ulioleta mizani. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wagonjwa 136 waligawanywa kwa kura. Waliopewa utegili hawakupata nafuu kuliko wenzao. Nchini Uingereza, utafiti wa RECOVERY ulihusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 waliolazwa: katika makundi yote mawili, takribani 24 kati ya kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Desemba 2021, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wagonjwa mahututi wapewe utegili ndani ya utafiti tu.

Sababu inaeleweka. Kingamwili hupambana na kirusi; lakini mgonjwa anapofikia kukosa pumzi, madhara mengi hutokana na mwili wenyewe uliowaka kwa uvimbe. Msaada huo humfikia umechelewa.

Utafiti huohuo wa RECOVERY ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja miongoni mwa waliopumua kwa mashine, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliohitaji oksijeni pekee. Kwa wasiohitaji oksijeni haikufaa. Hivyo isinunuliwe dukani na kumezwa kiholela.

Kwa hiyo, kabla ya kuota tiba ya utegili, kila zahanati ya Ruvu yapaswa kuwa na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachofanya kazi, mtungi uliojaa, na usafiri wa hakika wa kumfikisha mgonjwa hospitali ya rufaa ya Tumbi. Hayo yanaokoa maisha leo.

Na yule jamaa asirudishwe nyumbani amevunjika moyo. Aambiwe kwamba msaada wake wa kwanza ni kumleta mgonjwa mapema, midomo haijawa ya buluu. Kisha, akiwa na afya njema, achangie damu kwa hiari. Yupo mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua, yupo mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, yupo majeruhi wa ajali ya Barabara ya Morogoro. Kwa hao, ufanisi wa damu yake hauna shaka.