Kalamu inayosoma karatasi: Funzo la Hamburg kwa chaguzi zetu

Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakaazi wa Hamburg, mji wa pili kwa ukubwa nchini Ujerumani, nusura wapige kura kwa kalamu yenye kamera. Mpango ulikuwa umeiva. Lakini miezi michache kabla ya uchaguzi wa bunge la jimbo wa Februari 24, vyama vya siasa viliuweka kando, na kura zikahesabiwa kwa mkono.

Kwa nini teknolojia iliyokuwa ikitumika maofisini bila shida ilishindwa kupita kwenye chumba cha kupigia kura? Jibu linahusu kila nchi inayochanganya karatasi na kompyuta katika uchaguzi, ikiwemo Kenya inayojiandaa kwa uchaguzi mkuu wa Agosti 2027.

Kalamu hii inafanyaje kazi?

Teknolojia yenyewe ilibuniwa na kampuni ya Anoto ya Sweden. Kwa nje ni kalamu ya wino ya kawaida, ila karibu na ncha yake kuna kamera ndogo inayopiga makumi ya picha kila sekunde.

Siri iko kwenye karatasi. Juu yake huchapishwa nukta ndogo sana, zikiachana kwa takriban milimita 0.3, ambazo kwa macho huonekana kama rangi hafifu ya kijivu. Kila nukta imesogezwa kidogo upande mmoja kati ya minne: juu, chini, kulia au kushoto. Kamera ikiona kipande chenye nukta sita kwa sita, kalamu inajua ilipo na inaandika kwenye ukurasa upi.

Idadi ya michoro inayoweza kupatikana kwa njia hiyo ina kikomo, lakini ni kikomo kikubwa mno: nne zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe mara 36. Kwa hiyo kinachobana si hesabu, bali ni mgao. Mteja hupewa leseni ya kurasa fulani za mchoro. Akichapisha mchoro mmoja kwenye fomu mbili, kalamu haiwezi kuzitofautisha. Akitaka kila fomu itambulike peke yake, lazima kila nakala iwe na nukta zake, na awepo mtu wa kuweka daftari la nani alipewa ukurasa upi.

Kinachofaa hospitalini ni hatari kituoni

Muuguzi anapojaza fomu ya mgonjwa, upekee huo ni kinga. Mfumo unajua karatasi hii ni ya mgonjwa huyu, imejazwa saa ngapi na kwa kalamu ipi, hivyo ni vigumu kwa fomu moja kupachikwa mahali pa nyingine.

Sasa ipeleke fomu hiyo kwenye kituo cha kura. Kila karatasi ikiwa na nukta zake, anayejua nani alipewa karatasi ipi anaweza kujua kila mtu alimchagua nani, na siri ya kura imekwisha. Ndiyo maana karatasi zote za kura za aina moja zinapaswa kubeba mchoro uleule. Lakini hapo mfumo unapoteza uwezo wa kuitofautisha karatasi moja na nyingine.

Tatizo halikuishia hapo. Macho ya mpiga kura hayawezi kuhakikisha kwamba nukta za karatasi yake ni sawa na za jirani yake. Inabidi amwamini mchapishaji.

Kalamu nayo ilizua shaka yake. Chaos Computer Club, jumuiya ya wataalamu wa kompyuta ya Ujerumani, ilionya mwaka 2007 kwamba kalamu iliyochezewa inaweza kufanana kabisa na ile halali, kisha ikaingiza programu hasidi kwenye kompyuta ya kituo pindi inapochomekwa ili isomwe.

Nani anaaminiwa, karatasi au kompyuta?

Hamburg haikuitaka kalamu kwa sababu ya fasheni. Sheria mpya ya uchaguzi ilimpa mpiga kura kura tano za kuwagawia wagombea wa eneo lake, na kuzihesabu kwa mkono kulitazamiwa kuchukua muda mrefu. Kalamu ingempa mpiga kura karatasi aliyoizoea, na ingewapa maafisa hesabu ya haraka.

Hata hivyo swali gumu lilibaki: kompyuta ikisema hivi na karatasi ikasema vile, nani ana neno la mwisho? Na kama karatasi zitahesabiwa katika vituo vichache tu vya majaribio, tofauti hiyo itagunduliwa vipi kwingineko?

Machi 3, 2009, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliweka msingi ambao hadi leo unanukuliwa duniani. Kesi ilihusu kompyuta za kupigia kura zilizotumika mwaka 2005, si kalamu. Majaji walisema raia lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu maalumu.

Kipimo hicho kinaieleza vyema safari ya Kenya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, ukaguzi ulikuwa umebaini kwamba baadhi ya fomu za matokeo hazikuwa na alama za usalama zilizotarajiwa. Mwaka 2022 picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya umma. Mwenye simu aliweza kulinganisha picha na fomu iliyobandikwa mlangoni mwa kituo chake, na mahakama iliweza kuziomba fomu halisi na kuzipima dhidi ya picha hizo.

Tofauti ya miaka hiyo miwili haikuletwa na vifaa pekee. Mwaka 2022 karatasi ilibaki kuwa shahidi, na shahidi huyo alionekana na watu wote.

Kuelekea 2027, basi, maswali ya kuiuliza tume ya uchaguzi ni ya kawaida kabisa. Nani anachapisha fomu, na anachapisha ngapi? Alama zake za usalama zinaweza kukaguliwa na wakala wa chama aliyeko kijijini? Je, kuna alama yoyote kwenye karatasi ya kura inayoweza kumfichua aliyeipiga? Na mtambo ukipingana na karatasi, sheria inasema nini? Hamburg iliyauliza maswali ya namna hii kabla ya siku ya kura, na ndiyo sababu hakuna mahakama iliyolazimika kuyajibu baada ya matokeo.