Funguo tatu za duka zisikae kwa mkono mmoja

Ukitoka Eldoret ukielekea Nakuru, unafika Cheptiret, pale barabara ya kwenda Kesses na Chuo Kikuu cha Moi inapochepuka. Duka la hapo lina wateja wa kila aina: wanafunzi, wakulima wa mahindi na ngano, watu wa boda boda. Wengi wao wanalipa kwa simu. Mwenye duka naye hakai kaunta siku nzima. Ana ng'ombe wa kukamua, ana shamba, na lazima aende tauni kuleta bidhaa. Basi kijana wa duka anaachiwa ufunguo wa kufuli, simu ya dukani na nambari ya siri.

Maoni yetu ni kwamba hiyo ya tatu haifai kuachwa, hata kama kijana ni mtoto wa dada yako.

Si ati tunamshuku. Tunamtetea. Siku shilingi elfu nane zikikosekana, rekodi itaonyesha tu kwamba pesa zilitolewa kwa nambari sahihi ya siri. Haionyeshi ni kidole cha nani kilichobonyeza. Kama mnaijua wewe, mumeo na kijana, tunajua vizuri nani atalaumiwa kwanza, na hatakuwa na lolote la kujitetea nalo. Tumesikia malalamiko ya namna hii mara nyingi, na mara nyingi hakuna anayeweza kuthibitisha chochote. Undugu unaharibika kwa pesa ya mikate.

Kwani kwa nini watu wanaiachilia? Sababu mbili, na zote ni za kweli. Mteja akisema ametuma, mhudumu lazima ahakikishe, maana ujumbe ulio kwenye simu ya mteja unaweza kuwa wa kughushi. Halafu mtu wa maziwa akifika saa moja asubuhi anataka pesa yake hapo hapo.

Hiyo ya kwanza haihitaji nambari ya siri. Ukiwa na nambari ya till, malipo yanaingia kwenye akaunti ya biashara, na mwenye till anaweza kumsajili mhudumu ili laini yake ipokee ujumbe wa malipo bila idhini ya kutoa pesa. Anaona, lakini hatoi. Kama bado unapokelea pesa za duka kwenye laini yako ya kibinafsi, hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu laini hiyo ina karo, ina chama, ina mambo ya nyumbani.

Ya pili ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kila asubuhi mtumie mhudumu, kwa laini yake mwenyewe, kiasi cha kulipia maziwa na mikate. Tuseme elfu mbili. Jioni anakuonyesha jumbe za malipo, mnahesabu, mnamaliza. Likitokea la kutokea, hasara haipiti hiyo elfu mbili, na kila shilingi ina jina la aliyeituma.

Wengine hujaribu kubadilisha nambari ya siri kila wiki kisha wanaiandika nyuma ya kalenda. Hiyo ni kazi bure. Ibadilishe mtu mwingine akiijua, na siku mhudumu anapoondoka mfute kwenye till siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Kufuli nayo ibadilishe, kwa sababu ufunguo unachongwa nakala kwa dakika chache na huwezi kujua ziko ngapi.

Kuna jambo moja ambalo watu hawapendi kulizungumzia. Ukilazwa hospitali wiki mbili, nani atalipa wasambazaji? Jibu la kawaida ni kumnong'onezea mama watoto nambari ya siri. Sisi tungependelea msajili mtu wa pili kwenye akaunti ya biashara mapema, awe na nambari yake mwenyewe ya siri na idhini yake mwenyewe. Uliza huduma kwa wateja jinsi ya kufanya hivyo ukiwa mzima, na kitambulisho kikiwa mkononi. Na anayekupigia akidai anatoka kwetu, kisha akuombe nambari hiyo, mkatie simu. Sisi hatuiulizi kamwe.