Usingizi wa Maskini Nao ni Haki

Mama akisinzia ibadani, wapo wanaomwita mvivu wa imani. Mtoto akisinzia darasani, huitwa mzembe. Sisi twasema: kabla ya kuwahukumu, yatupasa kuuliza usiku wao ulipitaje.

Kiangazi kinapokaza, mito mingi ya Kitui na Makueni hubaki mchanga mtupu. Maji huchimbuliwa mchangani, nayo hujikusanya polepole. Ndiyo sababu akina mama huondoka nyumbani kungali giza, wakapange foleni na mitungi yao. Upande wa Kibwezi na Mtito Andei, na kusini mwa Kitui karibu na mbuga ya Tsavo, tembo huvamia mashamba usiku. Baba huwasha moto na kupiga madebe hadi kupambazuke. Na asiyekesha kwa maji wala kwa tembo, hukeshwa na deni la karo.

Madaktari husema mtu mzima ahitaji kulala saa 7 au zaidi, na kwamba ukosefu wa usingizi wa muda mrefu huambatana na shinikizo la damu na unyonge wa moyo. Lakini kidonge cha usingizi hakileti maji kijijini. Ugonjwa huu una mizizi katika umaskini, na umaskini wetu si kazi ya mvua peke yake. Njaa ya 1984 iliitwa Ukambani Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika: fedha zilikuwa mkononi, chakula hakikupatikana.

Wananchi walipigania mageuzi hata Kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, ikatamka haki ya kila mtu kupata maji safi na kutokuwa na njaa. Tangu 2013 tuna serikali za kaunti. Je, haki hizo zimemfikia mama anayengoja maji usiku? Kama bado, mageuzi hayajakamilika.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kwanza, maji yasogezwe karibu na makazi. Mabwawa ya mchanga yajengwe, na mchanga wa mito ulindwe dhidi ya malori ya wachuuzi, kwa kuwa ndio unaohifadhi maji. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, basi na itekelezwe. Pili, fidia ya hasara za wanyamapori, iliyowekwa na sheria ya 2013, ilipwe bila kuwazungusha wakulima.

Ndugu Wakristo, Zaburi ya 127 huuhesabu usingizi kuwa kipaji cha Mungu. Tusiishie kuwaombea waliochoka. Kikao cha bajeti kitakapoitishwa katika wadi yenu, nendeni pamoja, mkaulize: mwaka huu ni akina mama wangapi watakaopunguziwa safari ya usiku?