Ukialikwa kwa Masingasinga



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowakuta baadhi ya akina mama wa Bariadi, Maswa na Lamadi, nao hukosa mtu wa kuwashauri. Baba wa nyumba ni fundi wa magari, au seremala, au dereva wa malori ya pamba, na kazi hiyo aliifundishwa na Singasinga huko Mwanza. Siku moja habari inafika kwamba mzee yule amefariki, au anaoza binti yake, na familia nzima inaalikwa. Ibada itakuwa hekaluni kwao. Hapo mama anaanza kuhangaika. Je, nikiingia nitakuwa nimetenda dhambi? Nivae nini? Wakinipa chakula nile? Mwingine huona heri abaki nyumbani, na wafiwa hubaki wakijiuliza wamewakosea nini watu waliokaa nao vizuri miaka mingi.

Kuogopa usichokijua ni kawaida ya binadamu. Lakini mama ndiye mwalimu wa kwanza wa watoto, na hofu yake huwa hofu yao. Basi tufahamu kwanza, halafu tuamue.

Masingasinga ni nani?

Wenyewe hujiita Sikh. Sisi huwaita Masingasinga, na wenzetu wa Kenya huwaita Makalasinga. Dini yao ilianzia Punjab, kaskazini mwa Bara Hindi, kwa mafundisho ya Guru Nanak aliyezaliwa mwaka 1469. Si Waislamu, wala si Wahindu. Wanaamini Mungu mmoja, na katika hekalu lao hakuna sanamu ya kuabudiwa. Baada ya Guru Nanak walifuata viongozi wengine tisa. Wa mwisho, Guru Gobind Singh, alifariki mwaka 1708, na tangu hapo kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, ndicho wanachokiheshimu kama kiongozi wao.

Jina Singh maana yake ni simba, nalo ni la wanaume. Wanawake huitwa Kaur, jina linalofasiriwa kuwa binti wa mfalme. Kwa desturi hiyo mwanamke ana jina lake mwenyewe la heshima, asilolipata kwa baba wala kwa mume.

Wale walioshika sana dini hawakati nywele, na wanaume huzifunga kwa kilemba. Huvaa bangili ya chuma, huwa na kitana cha mbao na kaptula ya ndani ya aina yao, na hubeba kisu kidogo alani. Kisu hicho si cha kutishia mtu. Ni alama ya wajibu wa kumtetea mnyonge. Watoto wetu wafundishwe wasicheke kilemba wala kukigusa. Kwa mwenyewe ni kitu cha heshima.

Walifikaje huku kwetu?

Wengi walikuja wakati wa kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kati ya mwaka 1896 na 1901. Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na Masingasinga walikuwamo, wengi wao wakiwa mafundi chuma, maseremala na waashi. Wengi wa wafanyakazi hao walirudi kwao reli ilipokwisha. Waliobaki, pamoja na wengine waliofuata baadaye, walienea Afrika Mashariki wakifungua gereji, karakana na kampuni za ujenzi. Penye jamii yao walijenga nyumba ya ibada, iitwayo gurdwara, yaani mlango wa Guru. Ziko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Utaitambua kwa bendera ndefu ya rangi ya machungwa au ya bluu.

Iliyo maarufu kuliko zote huku kwetu iko Makindu nchini Kenya, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Ilijengwa mwaka 1926, mahali ambapo wafanyakazi wa reli walikuwa wakikusanyika kusali. Hadi leo msafiri yeyote akisimama hapo, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, hupewa chakula na hata mahali pa kulala bila kutozwa. Akipenda huweka sadaka. Asipokuwa nacho hula na kuendelea na safari yake.

Jiko lao

Chakula hicho huitwa langar, na kila gurdwara ina jiko lake. Desturi hii ilianza kwa Guru Nanak mwenyewe. Wakati ule watu wa India waligawanywa kwa matabaka, na wa tabaka la juu hakukubali kula na wa tabaka la chini. Yeye akawaketisha pamoja. Guru wa tatu, Amar Das, aliweka sharti kwamba anayetaka kumwona akae kwanza chini na wengine ale. Husimuliwa kwamba hata mfalme Akbar alifanya hivyo.

Akina mama, hapa pana jina la kukumbuka: Mata Khivi, mke wa Guru wa pili. Ndiye aliyesimamia jiko hilo, na anasifiwa kwa jina ndani ya kitabu chao kitakatifu. Ni mwanamke aliyekumbukwa kwa kulisha watu.

Lakini msidhani kazi hiyo waliachiwa wanawake. Ukiingia jikoni kwao utakuta wanaume wazima, wenye kampuni na magari, wakikanda unga, wakisukuma chapati na kusugua masufuria. Kwao kuhudumu ni sehemu ya ibada. Na wakati wa kula, bosi na fundi wake, mume na mke, hukaa mstari mmoja sakafuni. Sisi tuliokulia kwenye miji ambayo wanaume hula shikome na akina mama jikoni tunaweza kuliona hili la ajabu, lakini tunaweza pia kulitafakari.

Ukienda, fanya hivi:

1. Vaa nguo ya heshima, na ujifunike kichwa. Khanga au kitenge chako kinatosha. Baba naye afunike kichwa kwa kitambaa safi. Watoto pia.

2. Viatu viachwe mlangoni, na mikono inawe.

3. Sigara, pombe na ugoro haviingii. Bibi anayetumia ugoro auache nyumbani.

4. Ndani watu hukaa chini. Usinyooshe miguu kuelekea kilipo kitabu. Wao hupiga magoti na kuinama mbele yake. Mgeni halazimishwi. Kaa kimya kwa adabu.

5. Kwenye harusi, bwana na bibi arusi hukizunguka kitabu mara nne, bibi arusi akishika ncha ya kitambaa cha bwana arusi. Kwenye msiba, ujue kwamba wao huchoma maiti, hawaziki, na mafundisho yao hayapendi kilio cha kupiga kelele. Waelezeni watoto mapema wasije wakashtuka.

6. Chakula hakina nyama: ni dengu, mboga, wali, chapati, pengine na maziwa mgando. Pokea kidogo ukimalize, kisha uongeze. Kubakiza si vizuri. Ukitaka kusaidia kuosha vyombo, watafurahi.

Na dhamiri je?

Tusifiche, tofauti ya imani ipo. Sisi tunamkiri Yesu kuwa Mwokozi, wao hawamkiri hivyo. Kuhudhuria kwa heshima hakumaanishi kubadili imani, kama vile wao wakija kanisani kumzika jirani hawawi Wakristo.

Kuhusu chakula, tofautisha vitu viwili. Langar ni mlo wa kawaida wa watu wote. Kuna pia kitu kitamu cha unga, samli na sukari kinachogawiwa baada ya sala, kinaitwa karah parshad. Hakitolewi kwa sanamu, lakini kimeombewa kwa sala yao. Mama anayeona moyo wake hautulii anaweza kukataa kwa upole, mikono kifuani, wala hatalaumiwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa kirefu kuhusu vyakula na dhamiri katika sura ya 8 na ya 10 ya waraka wa kwanza. Zisomeni na baba watoto, mwulizeni na mchungaji au padri wenu, kabla ya siku ya safari. Jambo hili lisiamuliwe mlangoni kwa watu.

Turudi nyumbani sasa. Katika sherehe zetu nyingi asiyechanga hapati kadi, na asiye na kadi haingii. Mjane aliyekosa mchango husikia muziki akiwa nje ya ukumbi, hata kama bibi arusi alimbeba mgongoni. Mkoa wetu wa Simiyu unasifika kwa pamba, na mwaka wa mvua nzuri hatukosi mtama, mahindi wala michembe. Kinachotushinda si chakula.

Vikundi vya akina mama vijadili hili: katika sherehe ijayo ya kanisa, je, tunaweza kutenga sufuria moja ya wali na moja ya maharage kwa yeyote atakayefika, mwenye kadi na asiye nayo? Na je, baba zetu watakubali kuosha masufuria hayo? Mkishajadiliana, anzeni na lile la kwanza. La pili litahitaji maombi.