Bendera si mzigo, ni tanga

Mwezi Agosti uliopita, nikiwa njiani kwenda kufundisha, nilisimamisha gari kando ya barabara hapa Dodoma. Ndani ya eneo moja la ujenzi kreni ya magurudumu ilikuwa imenyoosha mkono wake wote, na kwenye ndoano ilining'inia bendera ya Taifa yenye ukubwa wa ukuta wa jengo. Pembe zake za chini zilifungwa kamba, na kamba hizo zilishikwa na vijana wanne. Wapita njia walipiga picha. Mimi niliwatazama wale vijana wakiburutwa hatua mbili tatu kila upepo ulipovuma. Siku ile hakuna aliyeumia, na kwa hiyo hakuna aliyejifunza.

Ndugu msomaji, anayeishi katika uwanda huu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haelezwi habari za upepo. Anaujua kwa vumbi linaloingia chini ya mlango wakati wa kiangazi, na kwa kisulisuli kinachozuka mchana wa jua kali na kuezua mabati. Hapa ndipo tumechagua kuitundika nguo kubwa juu ya mtambo mrefu.

Kosa linaanzia katika fikra. Msimamizi huiona bendera kuwa mzigo mwepesi: haifiki hata kilo 50, na kreni inanyanyua makumi ya tani. Lakini bendera si mzigo, ni tanga. Chukua bendera ya mita 10 kwa 15, iliyofungwa pembe zote. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiikabili, huisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 800. Kasi hiyo ikiongezeka maradufu, nguvu haiwi maradufu, bali huwa mara nne: zaidi ya tani tatu. Na nguvu hiyo haivuti kwenda chini, ambako kreni iliundwa kuhimili. Inavuta ubavuni, ambako mkono wake ni dhaifu. Kipima mzigo kilicho mbele ya opereta hakitamwonya, kwa maana chenyewe kinapima uzito unaoning'inia tu. Kreni za mnara nazo, zikiisha kazi, huachwa zizunguke zenyewe kuufuata upepo. Ukizivika kitambaa kikubwa mkononi, umeziharibia kinga hiyo.

Haya si mambo ya kufikirika. Tarehe 14 Julai 1999, mjini Milwaukee, Marekani, kreni kubwa ilianguka ikinyanyua kipande cha paa la uwanja wa michezo, na mafundi watatu wakafa. Upepo ulioukumba upana wa paa lile haukuwa umepigiwa hesabu ipasavyo. Tarehe 11 Septemba 2015, huko Makka, dhoruba iliiangusha kreni iliyoachwa imeinua mkono kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji. Watu 111 walipoteza maisha ndani ya Msikiti Mtukufu. Kreni ile haikuwa na bendera yoyote.

Wapo watakaosema naibeza bendera. Nawakumbusha kwamba usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda na wenzake waliipandisha bendera ya Tanganyika hadi kileleni Kilimanjaro kwa miguu yao. Heshima yake haikutokana na upana wa kitambaa.

Wengine watasema: tumefanya hivyo miaka yote, hakuna kilichotokea. Wakati huohuo tunao msemo tuliouweka tayari kwa siku kitakapotokea: ajali haina kinga. Nausema bila kigugumizi kwamba msemo huo ni kichaka cha wazembe. Ajali ya namna hii ina kinga, na kinga yake ni hesabu ya dakika kumi na ujasiri wa kusema hapana.

Hapo kwenye hapana ndipo penye shida. Opereta anaujua mtambo wake. Lakini mgeni rasmi anakaribia, bosi anataka picha, na kibarua cha kesho kinategemea utii wa leo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na wakala wa kuisimamia, OSHA, upo. Watoe tamko moja lililo wazi: kreni si mlingoti. Anayetaka bendera kubwa ajenge mlingoti uliosanifiwa na mhandisi, wenye msingi wake. Na opereta atakayekataa kuitundika alindwe kwa maandishi, asifukuzwe.

Vijana wale wanne hawakuvaa hata kofia ngumu. Walikuwa wamevaa fulana mpya za sherehe.